Kutoka Kichezeo Kinachosema Hadi Ala ya Muziki: Mwongozo Kamili wa Kupinda Saketi

Ukivuka Daraja la Nyali na kuingia soko la Kongowea, utakuta, si mbali na marobota ya nguo za mitumba, mafungu ya vichezeo vya watoto vilivyokwisha tumika: simu za plastiki zinazotaja tarakimu, wanasesere wanaocheka, vibao vya kufundishia alfabeti, na vinanda vidogo vyenye wimbo mmoja tu. Ndani ya kila kimoja mna chipu, spika na mahali pa betri, na vitu hivyo vitatu vinatosha kuwa ala ya muziki isiyouzwa katika duka lolote. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukichagua kichezeo cha aina hiyo, kukifungua, kuzitafuta sauti zilizojificha ndani yake, na kukiwekea swichi na vidhibiti ili kiweze kuchezwa kama ala. Mfano nitakaourudia ni simu moja ya plastiki ya manjano niliyoinunua Kongowea, ambayo ukibonyeza kitufe, mwanamke hutaja tarakimu kwa Kiingereza.

Kazi hii ina historia yake. Katikati ya miaka ya 1960, kijana wa Marekani aitwaye Reed Ghazala, wa mji wa Cincinnati, aliacha kikuza sauti kidogo cha betri kikiwa wazi ndani ya droo ya meza. Saketi iligusa kitu cha chuma, ikapiga shoti, na badala ya kuungua ikaanza kutoa milio ambayo hakuna aliyeikusudia. Jina la kazi yenyewe, ambalo kwa Kiswahili ni kupinda saketi, alilitoa mwaka 1992. Miongoni mwa vichezeo vilivyopendwa zaidi na waliomfuata ni Speak & Spell, kilichotengenezwa na Texas Instruments na kuingia madukani mwaka 1978. Chipu yake haikuhifadhi sauti ya mtu iliyorekodiwa kama kanda inavyohifadhi. Ilihifadhi tarakimu zinazoeleza umbo la koo na mdomo kwa kila kipande kifupi cha neno, kisha ikaliunda neno upya. Kwa kuwa kumbukumbu ya maneno ilikuwa katika chipu nyingine, aliyezigusa njia zilizounganisha chipu hizo mbili aliipotosha hesabu ya koo lenyewe, na kichezeo kikasema lugha isiyokuwepo.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwetu, kwa sababu vichezeo vingi vya sokoni leo haviko hivyo. Ukivifungua utaona tone jeusi la gundi ngumu juu ya bodi, na chini ya tone hilo mna chipu moja yenye kila kitu: sauti zilizorekodiwa, kumbukumbu na kikuza sauti. Njia za ndani huzifikii. Zinazobaki wazi ni saa ya chipu, yaani mapigo yanayoamua mwendo wa sauti, umeme unaoingia, na nyaya za vitufe, na humo ndimo tutakamofanya kazi. Asikuvunje moyo mtu atakayekwambia kwamba ni machache, kwani saa peke yake inatosha kukushughulisha kwa mwezi mzima.

Wala jambo hili lisionekane geni Mombasa. Taishokoto, ala iliyobuniwa Nagoya, Ujapani, mwaka 1912 na yenye vitufe kama vya taipureta, ilifika Pwani yetu, ikatiwa umeme, na ikawa sauti inayoitambulisha taarabu ya hapa hata inapolinganishwa na ya Unguja. Kukichukua chombo cha mbali na kukifanya kiseme kwa namna yetu ni kazi ambayo wazee wetu waliifanya kabla yetu.

Usalama kwanza

Fanya kazi hii kwa vichezeo vya betri pekee. Umeme wa ukutani hapa Kenya ni volti 240, na kwa kuwa vidole vyako vitakuwa ndani ya saketi ikiwa hai, kitu chochote kilichochomekwa ukutani kinaweza kukuua. Hata kichezeo cha betri chenye tundu la adapta, usikichomeke adapta hiyo wakati unazitafuta sauti zake. Epuka pia vichezeo vyenye betri bapa za kuchajiwa za aina ya lithiamu, kwa sababu zikipigwa shoti huweza kushika moto. Zile za kawaida, ambazo wengi wetu huziita mawe, zinatosha: mbili hutoa volti 3, tatu hutoa volti 4.5, na nne hutoa volti 6, kiasi ambacho ngozi yako haitakihisi. Ukifungua kichezeo chenye betri ndogo za umbo la kifungo, zifungie mbali na watoto mara moja, kwani mtoto akiimeza moja humchoma koo kwa ndani.

Kuchagua sokoni

Beba betri zako mwenyewe, kubwa na ndogo, pamoja na bisibisi. Mwambie muuzaji kwa adabu, "Dada, mawe ninayo, niruhusu nikijaribu," na mara nyingi atakukubalia, kwa sababu kichezeo kinacholia mbele ya wateja humsaidia na yeye kuuza. Sikiliza kama kinasema maneno au kinapiga wimbo tu. Maneno yana faida zaidi, kwa kuwa sikio la binadamu hulitambua neno hata likiwa limeharibika, na huko kutambua nusu nusu ndiko kunakoipa ala hii uzito wake. Tazama kama kimefungwa kwa skrubu au kwa gundi, na kama kina nafasi ya kutosha ndani. Kichezeo kikubwa chenye mambo machache tumboni kinafaa kuliko kidogo kilichobanana. Cha zamani nacho kina nafuu, maana vichezeo vipya mara nyingi huwa na saa iliyofichwa ndani ya chipu, na sauti yake haibadiliki kirahisi.

Kuna aina moja ninayoiacha pale pale fungu lilipo: vibao vya kuwafundishia watoto Kurani na dua. Kuyakatakata maneno hayo ili kupata mlio ni jambo nisilolikubali, na nadhani msomaji wa mji huu hahitaji maelezo zaidi.

Vifaa

Utahitaji chuma cha kulehemu cha wati 25 hadi 40, lehemu nyembamba, mita ya fundi, koleo ndogo ya kukatia, nyaya nyembamba zenye nyuzi nyingi ndani, na nyaya nne au tano fupi zenye vibanio vya meno kila upande. Kwa vidhibiti, tafuta swichi ndogo, vitufe vya kubonyeza, na voliumu, yaani ile sehemu ya kuzungushwa iliyomo katika redio za zamani, ambayo vitabuni huitwa potenshiometa. Mafundi wa redio wa Mwembe Tayari na Majengo huwa na makopo yaliyojaa vitu hivi kutoka kwa redio zilizokufa, na mimi napenda kununua kwao kuliko dukani, kwa sababu fundi atakupa na maelezo juu yake. Mwisho, daftari na kalamu. Hivi viwili vihesabu kuwa vifaa sawa na chuma cha kulehemu.

Kufungua

Toa betri. Piga picha ya kichezeo kila upande. Fungua skrubu na uziweke katika kisahani, ukikumbuka kwamba aghalabu moja hufichwa chini ya karatasi ya nembo au ndani ya kasha la betri. Tenganisha pande mbili polepole, kwa maana nyaya za spika ni nyembamba kama uzi na hukatika kwa mvuto mdogo. Piga picha tena kabla hujagusa chochote, kisha andika rangi ya kila waya na mahali unakokwenda.

Hapa Pwani, kasha la betri mara nyingi huwa na ukoko mweupe au wa kijani. Huo ni uchafu wa betri zilizovuja, na hewa ya chumvi huuzidisha. Chovya pamba katika siki au maji ya ndimu, sugua kwa upole hadi ukoko ulainike, futa kwa pamba yenye spiriti, na uache pakauke kabisa. Vichezeo vingi vinavyouzwa kama vibovu havina ubovu wowote ila huo.

Kutafuta

Hii ndiyo sehemu ya kazi inayostahili muda wako wote, na ndiyo ambayo wanaoanza huiruka ili wafike kwenye kulehemu. Mimi mwenyewe nililehemu swichi mbili katika kichezeo changu cha kwanza kabla ya kuandika nilichokisikia, na siku ya pili sikukumbuka tena sehemu zilizotoa mlio bora kuliko yote. Sikuupata tena. Tangu siku hiyo sishiki chuma cha moto mpaka kurasa mbili za daftari zimejaa.

Weka bodi juu ya mbao kavu, upande wa viungo vya lehemu ukikutazama. Kwa mita, tafuta viungo vilivyounganishwa moja kwa moja na chanya na hasi ya betri, uvitie alama kwa rangi ya kucha: nyekundu kwa chanya, nyingine yoyote kwa hasi. Viungo hivyo viwili usiviunganishe kamwe, kwa sababu hiyo ndiyo shoti inayochoma nyaya na kuziharibu betri. Vingine vyote vipe namba na uvichore daftarini.

Sasa tia betri, na uandae waya wa kutafutia: kibanio, rezista ya kilo-omu 1 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi sehemu inavyouzuia umeme), kisha kibanio cha pili. Rezista hiyo hupunguza mkondo na kuiokoa chipu pale unapokosea. Bonyeza kitufe ili kichezeo kianze kusema, na neno likiwa bado linatoka, unganisha kiungo namba 1 na namba 2, kisha 1 na 3, kisha 1 na 4, hadi uishe. Halafu anza na 2. Ni kazi ndefu, na haina njia ya mkato ninayoijua inayofaa. Kila unaposikia badiliko, andika: "4 na 9: neno linajirudia bila kukoma", "6 na 11: kelele kama mvua, kisha kimya". Andika pia kisichotoa kitu, usije ukakijaribu mara mbili. Kichezeo kikiganda na kukataa kusema, toa betri, hesabu hadi kumi, uzirudishe. Ukisikia harufu au ukihisi joto popote, toa betri kwanza ndipo ufikiri.

Kabla ya kuondoka kwenye hatua hii, tafuta saa ya chipu. Chipu husoma sauti iliyohifadhiwa kwa kufuata mapigo, na katika vichezeo vingi mwendo wa mapigo hayo huamuliwa na rezista moja iliyo karibu na tone jeusi. Ukilowesha ncha ya kidole na kuiweka juu ya miguu miwili ya rezista hiyo, mwili wako unakuwa njia ya pili ya umeme kando yake, ukinzani unapungua, na mapigo yanakwenda mbio. Katika ile simu ya manjano, rezista yenyewe ilikuwa na mikanda ya kahawia, kijani na manjano, yaani kilo-omu 150. Nilipoigusa, yule mwanamke alikuwa katikati ya kutaja saba. Sauti yake ilipanda ikawa ya mtoto, nilipokandamiza zaidi ikawa ya ndege, na nilipolegeza kidole ikateremka taratibu hadi ikarudi kuwa yake. Hakukuwa na swichi wala waya, bali unyevu wa kidole tu. Ukisikia hivyo, umeipata.

Kuishika sauti kwa mkono

Kidole huweza kuipandisha sauti, lakini hakiwezi kuishusha, kwa kuwa hakiwezi kuongeza ukinzani. Ili upate pande zote mbili, ing'oe rezista ya saa na mahali pake uweke voliumu ya mega-omu 1, yaani kilo-omu 1,000, ikifuatana na rezista ndogo. Kwa simu yangu nilitumia rezista ya kilo-omu 47. Voliumu ikiwa mwisho wa upande mmoja, saketi inaona kilo-omu 47 tu, na sauti hukimbia mara tatu na zaidi ya mwendo wake wa asili. Ikiwa mwisho wa upande wa pili, inaona kilo-omu 1,047, na sauti hutambaa kwa mwendo unaokaribia moja ya saba. Katika mwendo huo wa chini neno moja hugeuka kuwa mngurumo mrefu wenye chembechembe, kana kwamba mtu anakokota mtumbwi juu ya changarawe, na ndani yake bado unasikia irabu zikifunguka na kufumba.

Rezista ile ndogo ina kazi yake: bila hiyo, voliumu ikifika sifuri mapigo hukimbia kupita uwezo wa chipu, na kichezeo huganda. Tafuta kipimo chake kwa vibanio kabla ya kulehemu. Anza na kilo-omu 100, shuka hadi chipu ianze kuganda, kisha panda hatua moja. Kwenye voliumu, miguu ya kuingiza katika saketi ni wa kati na mmoja wa pembeni. Ule wa pembeni uliobaki uuunganishe na wa kati, ili voliumu ikichakaa saketi isikatike.

Badala ya voliumu unaweza kuweka rezista inayoitika nuru, ambayo ukinzani wake hushuka mwanga unapoongezeka. Iweke karibu na dirisha wakati wa alasiri, upitishe mkono juu yake, na kivuli chako kitaishusha sauti. Kwa mchezo wa kugusa, toboa matundu mawili kwa keekee, utie skrubu za shaba, na uziunganishe na pande mbili za rezista ya saa. Chagua shaba, kwa sababu chuma cha kawaida hapa hushika kutu upesi.

Kulehemu

Gusa kiungo na waya kwa pamoja kwa ncha ya chuma, hesabu mpaka mbili, ndipo ulete lehemu. Iache iyeyuke, ondoa lehemu, kisha chuma. Bodi za kahawia za vichezeo ni dhaifu, na ukikawia, kipande cha shaba hubanduka pamoja na waya. Fungua dirisha. Lehemu nyingi zina risasi ndani yake, kwa hiyo usile wala usiguse uso kabla ya kunawa kwa sabuni. Waya ukishashika, ukandamize kwa tone la gundi ya moto mahali penye nafasi, ili mvuto usifike kwenye kiungo.

Kila jozi ya viungo uliyoipenda daftarini ipe swichi yake, au kitufe cha kubonyeza ikiwa mlio wake unafaa kuwa mfupi. Ongeza na kitufe kimoja kinachokata umeme wa betri kinapobonyezwa, kwa sababu kichezeo kilichopindwa kitaganda mara kwa mara, na hutaki kufungua kasha la betri katikati ya wimbo.

Kuna pia kuinyima chipu umeme. Kila dayodi ya silikoni, kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu, unayoiweka kwenye waya wa chanya hupunguza takriban volti 0.7, hivyo betri tatu zikipita katika dayodi mbili zinatoa kama volti 3.1 badala ya 4.5. Sauti hulegea na kukwaruza. Weka swichi ya kuzipita dayodi hizo unapotaka nguvu kamili.

Kuitoa sauti nje

Spika ya kichezeo ni ndogo, na wakati mwingine uzuri wake ni huo huo. Kipaza sauti mbele yake kinatosha. Ukitaka tundu la jeki, chukua sauti kwenye miguu ya spika, lakini ipunguze kwanza: kutoka mguu mmoja pitisha kapasita ya mikrofaradi 10, kisha rezista ya kilo-omu 10 hadi ncha ya jeki, na kati ya ncha hiyo na mguu wa pili wa spika weka kilo-omu 1. Bila kupunguza hivyo, mikisa, yaani mashine ya kuchanganya sauti, itapokea sauti kubwa mno. Chipu nyingi huendesha miguu yote miwili ya spika, na hakuna hata mmoja ulio hasi ya betri. Kwa sababu hiyo, kila kichezeo kiwe na betri zake. Ukiviunganisha viwili kwa chanzo kimoja cha umeme na jeki zote zikaingia mikisa moja, utapiga shoti kupitia nyaya za sauti, na chipu itakufa.

Kabla ya kufunga, paka viungo vipya rangi ya kucha isiyo na rangi, isipokuwa mahali pa kugusana, na utie ndani kile kifuko cha chembe za kukausha unyevu kinachokuja na viatu vipya. Toa betri kila unapokihifadhi.

Kucheza na kurekodi

Andika alama mwilini mwa kichezeo, si akilini mwako: namba kwa kila swichi, na vistari kuzunguka kirungu cha voliumu. Kisha washa kinasa cha simu na ucheze dakika kumi bila kusimama, ukigusa kidhibiti kimoja kimoja kwa muda mrefu kuliko unavyotamani. Sikiliza kesho yake, ukate zile sekunde ishirini au thelathini zenye uhai. Programu ya Audacity, isiyolipiwa, inatosha kwa kukata na kupanga. Mngurumo wa mwendo wa chini huvumilia vizuri dumbaki na tari juu yake, na neno linalojirudia bila kukoma laweza kushika mwendo ambao mpigaji ataufuata. Mwache yeye aufuate, kwani kichezeo hakitamfuata.

Rekodi mapema, na tena betri zinapochoka. Volti zinaposhuka, sauti za jana kwa swichi zile zile si sauti za leo, na kuna milio inayopatikana tu katika nusu saa ya mwisho ya betri. Kwa hiyo zilizochoka usizitupe: zifunge kwa mpira, uandike juu yake "dhaifu" pamoja na tarehe, uziweke mahali pakavu mbali na kichezeo, na uzitoe siku utakapouhitaji mlio ule.